Spoila ya nyuma kwenye gari la spoti la zamani: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Dodoma

Gari langu ni Toyota Celica ya kizazi cha saba, kile kilichotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006. Ni la milango miwili, na nyuma lina mlango mkubwa unaonyanyuka pamoja na kioo chake. Nililinunua likiwa na bawa refu la alumini ambalo mwenye gari aliyetangulia alilifunga kwa miguu minne juu ya bati. Nimelitoa, nimefunga spoila fupi ya muundo wa kiwandani, na njiani nimejifunza mengi kwa gharama yangu. Kila nikisimama sehemu ya kuoshea magari au nikienda kuwaona mafundi, kuna kijana atakayekuja kuizunguka na kuuliza. Maswali ni yaleyale, nami nayapenda, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Kama gari lako ni Altezza, Silvia, Impreza ya zamani au MR2, karibu yote yatakuhusu.

Spoila na bawa si kitu kimoja?

Hapana, ingawa mtaani vyote tunaviita spoila. Spoila imekaa juu ya bati bila kuacha upenyo. Kazi yake ni kuivuruga hewa inayoteremka kwenye mgongo wa gari ili isiunyanyue mkia. Bawa limenyanyuliwa kwa miguu na hewa inapita juu na chini yake. Umbo lake ni kama la bawa la ndege lililogeuzwa, kwa hiyo badala ya kunyanyua linakandamiza.

Tofauti hii ina maana kubwa kwenye ufungaji. Spoila inalalia bati kwa urefu wake wote, na mzigo unagawanyika. Bawa linaweka nguvu yake yote kwenye nyayo chache, na bati la mlango wa nyuma ni jembamba kiasi kwamba ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Gari langu lilikuja na mabonde manne palipokuwa na miguu ya bawa, na hakuna aliyekuwa ameligonga.

Je, inasaidia kweli, au ni urembo tu?

Inasaidia, ila kwa mwendo mkubwa. Porsche walipoweka ule mkia wa bata kwenye 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973, haukuwa pambo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanapungukiwa uzito kwenye mwendo wa kasi. Audi nao waliitoa TT ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ikiwa na mgongo laini bila spoila. Zikatokea ajali za mwendo mkubwa kwenye barabara kuu za Ujerumani, wakayaita magari yarudi, wakayafungia spoila ndogo nyuma, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, na wakagusa sasipensheni. Kipande kile kidogo kilikuwa na kazi.

Sasa tuje kwetu. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Chukua bawa la urefu wa mita 1.4 na upana wa sentimita 25, tena tuseme limetegwa vizuri kabisa. Kwa hewa ya Dodoma, kwenye kilomita 100 kwa saa litakandamiza kama uzito wa kilo 14. Kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo katikati ya makazi, ni kama kilo 3 na nusu. Bawa lenyewe na miguu yake linaweza kuwa na kilo 5. Yaani kutoka Kisasa hadi Nkuhungu unabeba uzito mwingi kuliko unaokandamizwa.

Nimesema hewa ya Dodoma kwa sababu mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani sehemu moja ya kumi, na bawa linapungukiwa kazi kwa kiasi hichohicho. Anayekuambia bawa litakushikia kona pale mzunguko wa mjini hajawahi kupiga hesabu hii. Kona hiyo unashikiwa na matairi, bushi na shokapu. Gari lako likiwa na matairi yaliyokwisha, fedha ya spoila ipeleke huko kwanza. Hili nalisema kwa moyo wote.

Kwa nini basi ulibadilisha?

Kwa sababu bawa lile lilikuwa linaharibu gari. Lilikunja bati, lilipitisha maji, lilinizibia kioo cha nyuma, na mlango ulikuwa haukai juu. Halafu sikupenda sura yake. Celica ile ina mgongo unaoteremka vizuri mpaka kwenye taa, na spoila fupi inaumalizia mstari huo. Kupenda sura ya gari lako ni sababu halali kabisa ya kutumia fedha yako, ilimradi ujue unanunua nini.

Gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele. Bawa kubwa nyuma lina maana?

Mara nyingi halina. Celica yangu inavutwa na mbele, na ndiko inakohitaji kushika. Mkia wa gari umetokeza nyuma ya ekseli. Ukiukandamiza, pua inanyanyuka kidogo, kama pembea ya watoto. Unaongeza uzito kwenye magurudumu yanayofuata na kuyapunguzia yanayofanya kazi. Kwa Altezza au Silvia zinazosukumwa na nyuma hesabu ni tofauti, na kwa Impreza inayotumia magurudumu yote manne ni tofauti tena. Kwa gari la mbele chukua spoila fupi, kwisha.

Ninunue ya kiwandani iliyotumika au nichongewe ya faiba?

Mimi niko upande wa ya kiwandani iliyotumika, hata kama rangi yake ni nyingine na ina mikwaruzo. Sababu ni moja: imekaa juu ya bati la gari kama lako kwa miaka mingi, kwa hiyo umbo lake linajulikana kuwa linakubali. Boliti zake zinatoka chini, zinapita kwenye sehemu ambazo kiwanda kilikusudia, na juu hakuna kichwa cha boliti kinachoonekana.

Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, ni nzuri kama fundi ni mzuri. Nimeona za mafundi wetu zilizonyooka kuliko za dukani. Lakini faiba nyingi za bei nafuu zimejipinda zikiwa bado kwenye kalibu. Ukizikaza kwa boliti zinanyooka siku hiyo, kisha baada ya miezi michache zinapasuka nyufa nyembamba kuanzia kwenye shimo. Kipimo ni rahisi: ilaze spoila juu ya mlango bila kuikaza. Ukiona mwanga unapita katikati kwa zaidi ya milimita 3 au 4, usiikubali ukitegemea boliti ziinyooshe.

Zile zinazouzwa kwa maneno ya "inaingia gari lolote" ziache. Mgongo wa kila gari una mviringo wake.

Spoila ya kizazi kingine cha gari hilohilo itaingia?

Usidhani. Jina la gari linaweza kubaki na bati lote likabadilika. Impreza ya 1992 hadi 2000 na ile iliyofuata zina mifuniko tofauti ya buti, na ya sedani haiingii kwenye ile yenye mgongo wa wagoni. Uliza namba ya bodi, siyo jina. Kwa Celica ya kizazi changu namba hizo ni ZZT230 na ZZT231. Zinatofautiana injini, moja ina 1ZZ-FE na nyingine 2ZZ-GE. Hata hapo mimi nilipima kwa futi kabla ya kutuma hela.

Dodoma zinapatikana wapi?

Za magari ya kawaida utabahatisha hapahapa mjini. Za gari la spoti la zamani, wengi tunaishia kuagiza Dar es Salaam, Gerezani na Ilala kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Kama una ndugu kule, mtume akaishike kwa mikono yake. Kama huna, omba picha hizi: ya juu nzima, ya chini nzima, ya kila boliti, ya waya wa taa na soketi yake, na moja ya futi ikiwa imelazwa kutoka boliti ya mwisho ya kushoto mpaka ya mwisho ya kulia. Picha ya chini ndiyo inayosema ukweli. Boliti za spoila ya plastiki zimezamishwa ndani yake, na mtu aliyeing'oa kwa pupa huwa amezikata au amezilegeza zizunguke bure.

Ikija kwa basi, na ifungwe kwenye boksi refu, magodoro yaliyokatwa yakiwa kwenye ncha zote mbili. Ni safari ya karibu kilomita 450 ndani ya buti la basi, pamoja na magunia na mabegi ya watu. Yangu ya kwanza ilifika ina ufa kwenye ncha ya kulia kwa sababu ilizungushiwa karatasi ya nailoni tu.

Jua la Dodoma linaifanyaje?

Hapa ndipo watu wengi hawafikirii, na ndipo uharibifu mwingi unapoanzia. Asubuhi ya Julai gari linaweza kuwa na baridi ya nyuzi 13 au 14. Mchana likikaa juani, hasa likiwa jeusi, bati linakuwa la kuunguza mkono. Tuseme tofauti ni nyuzi 40. Plastiki ya aina ya ABS yenye urefu wa mita 1.2 itarefuka kwa kama milimita 4. Chuma cha urefu huohuo hakitafika hata milimita moja. Spoila na mlango vimefungwa pamoja, lakini kila siku kimoja kinataka kurefuka na kingine kinakataa.

Ukitoboa matundu yanayobana boliti zote sawasawa, tofauti hiyo ya milimita 3 na zaidi haina pa kwenda. Plastiki itabinuka katikati, au itapasuka kwenye boliti za pembeni. Dawa yake ni hii: tundu la katikati libane, ya pembeni yawe na urefu kidogo kuelekea ncha, kama punje ya mchele, na juu yake uweke washa (kile kisahani chenye tundu cha kukalia nati) pana yenye mpira. Kiwandani wanafanya hivyohivyo. Fungua mlango wako uangalie kwa ndani, mara nyingi utaona matundu ya pembeni siyo duara kamili.

Faiba inatanuka kidogo zaidi ya chuma, si kwa kiasi cha kutisha. Tatizo lake juani ni koti la juu kufifia na kuota unga mweupe usipolilinda kwa vanishi.

Tepu ya pande mbili inatosha, au lazima nitoboe?

Kwa kile kijimkia chembamba kinacholalia ukingo wa buti, tepu nzuri inatosha. Kwa spoila yenye kimo, hapana. Weka boliti, na tepu isaidie.

Tepu ina masharti yake, na vumbi letu ni adui yake wa kwanza. Osha, kausha, kisha futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Usifute kwa petroli, inaacha mafuta. Bandika wakati bati lina joto la wastani, nyuzi 21 hadi 38, siyo saa saba mchana wala alfajiri. Kandamiza kila sentimita kwa nguvu. Halafu tulia: tepu za aina hii hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 72. Usilipeleke gari kuoshwa jioni ileile, na hata baadaye mwambie kijana wa mashine ya maji asiuelekeze mkuki kwenye ukingo wa spoila.

Nitoboeje bila kuharibu?

Kwanza usitoboe. Laza spoila juu ya mlango, ishikilie kwa tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, kisha rudi nyuma hatua kumi uitazame. Iache hapo siku nzima. Mwambie mtu mwingine aitazame. Pima kutoka ncha ya kushoto hadi ukingo wa taa, na ya kulia vivyo hivyo. Fungua na ufunge mlango taratibu uone kama inagusa kioo, waipa au paa.

Ukiridhika, tengeneza kiolezo cha boksi: pitisha boliti za spoila kwenye kadibodi zitoboe zenyewe, kisha hamishia kadibodi kwenye bati. Bandika tepu ya karatasi juu ya rangi kabla ya kuchora alama. Gonga alama kwa sindano ya chuma ili drili isiteleze. Anza na tundu la milimita 3, panua polepole. Boliti nyingi za spoila ni za milimita 6, kwa hiyo tundu la milimita 7 linatosha katikati. Na kabla ya yote hayo, vua kava la ndani la mlango uone drili itatokea wapi. Kuna nyaya mle, kuna bomba la maji ya waipa, na kuna mbavu za chuma.

Mbavu hizo ndizo unazozitafuta. Boliti ikishika bati la juu peke yake, itavuta bati. Ikishika mbavu, au ikiwa na sahani ya chuma kwa chini kugawanya mzigo, itakaa.

Ukimaliza kutoboa, lainisha kingo kwa msasa, ondoa kila chembe ya chuma kwa sumaku au brashi, paka praima ya kuzuia kutu, subiri ikauke, rudia. Tundu lisilopakwa ni kutu inayosubiri Desemba. Kisha silikoni kuzunguka kila boliti. Lakini usinunue ile inayonuka kama siki. Harufu ile ni asidi, nayo inakula chuma. Ipo isiyonuka hivyo, iombe.

Kukaza: kaza kwa vidole hadi ishike, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Hii ni plastiki, siyo kichwa cha injini.

Matundu ya spoila ya zamani nitayafanyaje?

Hili ndilo lililonigharimu kuliko yote. Bawa lile liliacha matundu manane. Nililipeleka gari gereji moja, fundi akaniambia jambo dogo, akayajaza puti, akapiga rangi, likang'aa. Nilifurahi kweli. Mvua za Januari ziliponyesha nikakuta kapeti ya buti imelowa na harufu ya uvundo. Kufika Machi rangi ilikuwa imevimba kama malengelenge, na nilipokwangua, puti ikatoka nzima nzima kama kizibo, ukingo wa bati ukiwa mwekundu kwa kutu.

Puti ni ya kusawazisha juu ya chuma, haizibi tundu. Inanyonya unyevu, na haina cha kuishika pembeni. Tundu linazibwa kwa chuma: kipande cha bati kikatwe sawasawa, kichomelewe kwa vidonda vidogo vidogo, ukipumzisha bati kati ya kidonda kimoja na kingine. Bati la mlango lina unene usiofika milimita moja. Fundi akilichomelea mfululizo linapata joto na kujikunja, na hapo utakuwa umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa. Baada ya kuchomelea ndipo puti nyembamba juu, na praima pande zote mbili, ya chini pia. Ya chini ndiyo inayosahaulika.

Kama spoila mpya itayafunika matundu yote, unaweza kupaka praima na kuweka vizibo vya mpira na silikoni. Ni njia halali, na mtu akitaka kurudisha bawa siku moja matundu yapo.

Taa ya tatu ya breki itakuwaje?

Iwake. Hili halina mjadala kwangu. Anayekufuata usiku kwenye barabara ya Morogoro, kati ya Chamwino na Kibaigwa, wewe ukiwa nyuma ya lori lenye mizigo, anahitaji kila mwanga wa breki ulio nao.

Kwenye magari mengine taa hiyo iko ndani ya spoila, kwa mengine iko kwenye kioo au juu ya mlango. Kama spoila mpya inaiziba iliyopo, lazima iwe na yake. Kama ya zamani ilikuwa na taa na mpya haina, tafuta pa kuihamishia kabla hujatoboa kitu. Waya usipite kwenye tundu tupu la bati, utakatwa na ukingo. Weka mpira wa kupitishia waya. Viungo vilehemiwe kwa risasi na kuvikwa kimpira kinachonywea kwa moto. Tepu nyeusi peke yake haivumilii joto la hapa, gundi yake inayeyuka na kuteleza.

Kumbuka pia kuwa taa za vijidude vidogo vya LED zinakula umeme mdogo kuliko balbu ya zamani. Baadhi ya Toyota za miaka hiyo zina kifaa kinachopima kama taa ya nyuma imeungua, na ukibadilisha aina ya taa kinaweza kukuwashia onyo kwenye dashibodi. Taa iko sawa, kifaa kinadhani imekufa. Mwambie fundi umeme mapema.

Mlango wa nyuma haukai juu tangu nibadilishe spoila. Kwa nini?

Shokapu zake za gesi zilipimwa kwa uzito fulani. Spoila iko kwenye ncha ya mlango, mbali kabisa na bawaba, kwa hiyo kilo 4 pale ni mzigo mkubwa. Ongeza na uzee: gesi imevuja kidogo kidogo kwa miaka 20. Halafu kuna baridi. Gesi ikipoa inapungua nguvu, ndiyo maana mlango unaokaa juu mchana unakuangukia kichwani saa kumi na mbili asubuhi. Wangu ulinipiga kwenye bega nikitoa begi.

Nguvu ya shokapu imeandikwa ubavuni kwa herufi N baada ya namba. Soma, kisha nunua jozi yenye namba hiyo au iliyozidi kidogo. Usibadilishe upande mmoja, mlango utapinda. Na usichukue zenye nguvu kupita kiasi, zitachosha bawaba na mlango utaruka ukiufungua. Sedani nyingi hazina shokapu, zina fimbo za chuma zilizosokotwa. Hizo usiziguse wewe mwenyewe, zikifyatuka zinavunja mkono.

Rangi italingana?

Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, kwa Toyota itafute penye maandishi C/TR. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, na nyingine nyingi. Lakini namba inakupa rangi ya siku gari lilipotoka kiwandani. Gari lako limepigwa jua miongo miwili. Mpelekee mchanganya rangi kipande chenyewe, kama kifuniko cha tangi la mafuta, alinganishe kwa macho, nje, kwenye mwanga wa asubuhi.

Plastiki inataka praima yake maalumu, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Na kwa hapa kwetu, panga kupiga rangi asubuhi na mapema. Kuanzia Agosti upepo wa mchana unabeba vumbi jekundu hadi ndani ya chumba kilichofungwa. Fundi wangu anamwagia maji sakafu na kuta kabla hajashika bunduki ya rangi, na kazi yake inaonekana.

Nitaona nyuma?

Kaa kwenye kiti chako, rafiki aishikilie spoila mahali pake, tazama kioo cha ndani. Unapaswa kuona gari zima linalokufuata, taa zake na kioo chake cha mbele. Bawa langu lilikuwa linakata katikati kabisa, na pikipiki ilikuwa inapotea nyuma yake. Kwa mji wenye bodaboda wengi kama wetu, hilo peke yake lilitosha kunifanya nilitoe.

Trafiki watanisumbua? Na bima?

Mimi sijawahi kusimamishwa kwa ajili ya spoila. Hakikisha haina ncha kali, haitokezi nje ya upana wa gari, haifuniki taa wala namba, na imekazwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari liwe salama kwa wengine, na kipande kinachoning'inia ni hatari kwa anayekufuata. Kama una bima kubwa, wajulishe kwa maandishi na uweke picha na risiti. Ukibadilisha rangi ya gari zima hilo ni jambo lingine, rangi imeandikwa kwenye kadi.

Inapiga mluzi nikifika kilomita 80.

Kuna upenyo, mara nyingi kwenye ncha. Bandika tepu ya karatasi sehemu moja baada ya nyingine, endesha, hadi mluzi ukome. Ukiipata sehemu hiyo weka mpira mwembamba wa kuziba. Kama siyo mluzi bali ni mtetemo, ni boliti.

Nikague kila baada ya muda gani?

Baada ya wiki ya kwanza, kisha baada ya safari ya kwanza ndefu. Matuta na barabara za vumbi za mitaani vinalegeza kuliko lami. Ishike spoila kwenye ncha zote mbili, itikise, gari zima litikisike pamoja nayo. Mvua ya kwanza ikinyesha, nyanyua kapeti ya buti upapase kwa mkono. Fanya hivyo hata kama unaona pakavu. Na ulaji wa mafuta je? Spoila fupi haitakubadilishia kitu utakachokiona kwenye geji. Bawa refu lililotegwa kwa pembe kali litakula kidogo kwenye safari ndefu.

Spoila niliyoitoa niitupe?

Usitupe, hasa kama ni ya kiwandani. Magari haya hayatengenezwi tena, na kila kipande kizima kinachobaki kuna mtu anakitafuta. Ioshe, ilaze sawa ndani ya nyumba, isiegemezwe ukutani wala kuachwa juu ya paa la banda, itapinda. Nati na washa zake ziweke kwenye kimfuko, andika aina ya gari, namba ya bodi na idadi yake, kisha ukifunge kwenye boliti mojawapo. Bawa langu nilimpa kijana wa Miyuji mwenye Altezza. Alikuja nalo wiki iliyofuata likiwa bado kwenye gunia, na kadibodi ya kiolezo mkononi, kuniuliza mbavu za mlango wake ziko wapi.